Mwanafunzi wa Ifakara na kiti cha madaktari

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita.)

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kiti. Sisemi kiti cha ubunge, ambacho kimekwisha zungumzwa vya kutosha. Nasema kiti cha kawaida, cha mbao au cha plastiki, katika chumba cha mikutano ya chama cha madaktari. Swali lenyewe ni hili: je, kijana ambaye bado anasomea udaktari, ambaye hajapata shahada wala leseni, anastahili kukikalia kiti hicho, akasema yake, na wakati wa kura akanyosha mkono kama wengine?

Najua wapo watakaocheka. Mwanafunzi ni mwanafunzi, watasema, kwanza asome. Mimi nasema anastahili. Tena nasema kwamba wa kwanza kufikiriwa awe yule anayesoma mbali na makao makuu, katika bonde la Kilombero, pale Ifakara.

Lakini kabla ya kufika Ifakara tuondoe mchanganyiko mmoja. Sisi watu wa mjini tukisikia kwamba "madaktari wamesema," aghalabu hatujiulizi ni madaktari wa chombo gani. Lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo ni chombo cha sheria. Ndilo linaloandikisha madaktari, na ndilo linaloweza kumfutia daktari uandikishwaji wake. Vipo vyama vya wafanyakazi, kama vile TUGHE, ambavyo kazi yake ni mishahara na haki za kazini. Halafu kipo Chama cha Madaktari Tanzania, ambacho wengi hukiita kwa herufi zake, MAT, kilichoanzishwa mwaka 1965. Hiki ni chama cha wanataaluma. Hulinda heshima ya kazi yao, huwakutanisha kwa elimu, na huzungumza na Serikali kwa niaba yao.

Wanafunzi nao wana chama chao, TAMSA, ambacho ni mwanachama wa shirikisho la dunia la wanafunzi wa udaktari. Shirikisho hilo liliundwa Copenhagen mwaka 1951, na tangu mwaka 1969 lina uhusiano rasmi na Shirika la Afya Duniani. Hebu tazameni kituko hiki. Kijana wa miaka ishirini na miwili anaweza kwenda Geneva na shirikisho lake, akaketi kwenye ukumbi ule ule wanaoketi mawaziri wa afya, asiambiwe kwamba umri wake haujafika. Akirudi nyumbani anaambiwa asubiri amalize shule.

Wapo watakaosema kwamba wanafunzi hualikwa kwenye mikutano ya madaktari. Ni kweli, huonekana. Huonekana mlangoni wakiandikisha wajumbe, huonekana wakizungusha kipaza sauti, na wakati wa picha huitwa wasimame nyuma. Sidharau kazi hiyo, lakini kualikwa ni jambo moja na kuwa na kura ni jambo jingine.

Sasa twende Ifakara. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, kupitia Morogoro, Mikumi na Kidatu, kwa barabara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ama kwa treni ya TAZARA kwa asiye na haraka. Mji huu wengi wetu tunaujua kwa mchele wake. Wanasayansi wa dunia wanaujua kwa jambo jingine. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy, wa taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Basel, alianzisha pale maabara ndogo. Mwaka 1961, mwaka ule ule tuliopata Uhuru, pakafunguliwa kituo cha kufundishia watumishi wa afya wa vijijini. Maabara ile ndiyo iliyokua hatimaye ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Na mwaka 2010, kando ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, pakaanzishwa chuo kikuu kishiriki cha tiba chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Ndipo bonde likaanza kufundisha madaktari wenyewe, wa shahada.

Nitoe mfano mmoja tu wa uzito wa mahali hapa. Kuanzia katikati ya miaka ya tisini, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti wa Ifakara waliuza vyandarua vyenye dawa kwa bei ambayo mwananchi angeweza kuimudu. Viliitwa Zuia Mbu. Mwaka 2001 walitangaza kwa wataalamu wa dunia kwamba uhai wa watoto wadogo waliolala katika vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27. Mwaka 2004 nchi nzima ikaanza kutumia Hati Punguzo, ile karatasi ambayo mama mjamzito alikwenda nayo dukani akapunguziwa bei ya chandarua. Mama wa Temeke aliyeitumia huenda hakuwahi kusikia jina la Ifakara. Jambo lililojulikana bondeni lilimfikia mjini kwa sababu palikuwa na watu waliolibeba hadi kwenye meza ya uamuzi.

Mwanafunzi wa udaktari wa pale anaishi ndani ya mambo ya namna hiyo. Kuanzia mwaka wa tatu yuko wodini. Anakutana na wagonjwa wa Mlimba, wa Malinyi, wa Lupiro, wa Mahenge. Anajifunza kwamba msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani, kwenye vibanda vya muda, mbali na zahanati, na mtoto akishikwa na homa huko ni safari. Kabla ya daraja la Mto Kilombero, mgonjwa wa ng'ambo alingoja kivuko. Januari 2016 kivuko hicho kilizama kwa dhoruba. Leo lipo Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na gari la wagonjwa linavuka bila kumbembeleza mtu. Lakini ng'ambo ya daraja njia bado ni ndefu.

Katika wodi za hospitali za namna hii liko jambo ambalo mtu mzima ye yote aliyeuguza analijua. Daktari bingwa hupita asubuhi na kundi lake, husimama kitandani dakika chache, hunena, huondoka. Jioni mwanafunzi hurudi peke yake na daftari, maana kesho ataulizwa. Bibi kizee aliyenyamaza asubuhi kwa heshima ndipo anapofungua kinywa. "Shikamoo, bibi," anasema kijana. "Marahaba, mjukuu wangu. Zile dawa mlizoniandikia sikumeza zote, nimemwachia nusu mwenzangu kule nyumbani, naye anakohoa." Habari hiyo haimo kwenye cheti. Hakumwambia mkubwa, amemwambia mjukuu. Kwa hiyo anayesema kwamba mwanafunzi hajui lo lote juu ya wagonjwa, huyo hajalala wodini.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, si hiyo ya huruma. Hoja yangu ni mwaka 2012.

Wasikilizaji wenye umri watakumbuka. Mwanzoni mwa mwaka ule, pale Muhimbili, vijana waliomaliza shule na kuwa katika mwaka wao wa mafunzo kwa vitendo waligoma kwa sababu ya posho zilizocheleweshwa. Serikali ikawatawanya, ikawaambia waende hospitali nyingine. Moto ukaenea. Ikaundwa Jumuiya ya Madaktari, yenye kamati yake ya muda, mwenyekiti akiwa Dakta Stephen Ulimboka. Waziri Mkuu wa wakati ule, ndugu Mizengo Pinda, akaingilia kati mwezi wa Februari, na madaktari wakarudi kazini. Mwezi wa Juni mgomo ukarudi. Usiku wa Juni 26 Dakta Ulimboka akatekwa, akapigwa, akaokotwa asubuhi yake akiwa hoi katika msitu wa Mabwepande. Mamia ya vijana wale wa mafunzo wakasimamishwa uandikishwaji wao wa muda. Na wagonjwa, ambao hawakuwa na jumuiya wala kamati, wakarudishwa majumbani.

Sitaki kurudia hapa nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo. Nataka tuangalie jambo moja ambalo halikuzungumzwa sana. Mgogoro ulianza kwa vijana. Walioanza kuacha kazi walikuwa wanafunzi miezi michache tu kabla ya hapo. Na walipotaka kusema kwa nguvu, sauti yao ilipita kwenye jumuiya ya dharura yenye kamati ya muda, wakati chama kilichoundwa mwaka 1965 kilikuwapo na anuani yake na katiba yake. Kisa na maana? Mimi naona ni kwa sababu kijana yule, kwa miaka mitano aliyokuwa shule, hakuwa amekiona chama kile kuwa nyumba yake. Hakujua hoja hupelekwaje, muhtasari huandikwaje, mjumbe huulizwa wapi. Siku moja akaamka ameitwa daktari, posho haijafika, kodi ya chumba imefika. Njia aliyoijua ilikuwa ile ya kuweka chini kipimo chake na kutoka nje.

Suala la posho halikuzaliwa siku ile. Wanafunzi wa mwaka wa tano walijua kwa kuwatazama kaka na dada zao waliowatangulia. Kama mmoja wao angekuwa amekaa kwenye kiti ninachokisema, angelisema mapema, likaandikwa, na wakubwa wakalibeba kwa Waziri kabla halijawa moto. Sisemi kwamba mgomo usingetokea. Nasema kwamba chama kingekuwa kimeusikia unakuja.

Na tusidhani ni la kwetu peke yetu. Majirani zetu wa Kenya waliona mgomo wa madaktari kuanzia Machi 14 hadi Mei 8 mwaka 2024, siku 56, na moja ya mambo yaliyouchochea ilikuwa ni hao hao: vijana waliomaliza chuo wakangoja kupangiwa vituo vya mafunzo, na malipo yao kutaka kupunguzwa. Tofauti ni kwamba kule Kenya vijana walipiganiwa na chama chenyewe cha madaktari, kwa jina na kwa hesabu. Kama kilipigana vizuri ama vibaya, hilo Wakenya wenyewe watasema.

Wenzetu wa mbali wamelitazamaje jambo hili? Uingereza, mwanafunzi wa udaktari huweza kujiunga na chama cha madaktari angali shuleni, na wanafunzi wana kamati yao ndani ya chama hicho hicho. Marekani wamekwenda mbele zaidi. Katika bodi inayoendesha chama kikuu cha madaktari wa nchi ile imo nafasi moja ya mwanafunzi, naye ana kura. Na wanafunzi wale hawapambi ukumbi. Mwezi wa Juni 2019, katika mkutano mkuu wa chama hicho, wao ndio waliopeleka hoja ya kukitaka kiache upinzani wake wa muda mrefu dhidi ya mpango wa bima moja ya afya ya Serikali kwa watu wote. Walishindwa. Lakini walishindwa kwa kura asilimia 47 dhidi ya 53, mbele ya wazee waliodhani jambo lile haliwezi hata kuzungumzwa. Si lazima tukubaliane na hoja yao. Tuangalie tu kwamba ilizungumzwa ndani, ikahesabiwa kura, na kesho yake hospitali zikafunguliwa kama kawaida.

Basi na tuwasikilize wanaopinga, maana wana hoja.

Wanasema mwanafunzi hana leseni. Ni kweli. Lakini leseni ni kazi ya Baraza, na mimi sikusema mwanafunzi akae kwenye Baraza. Pale ambapo chama kinajadili mwenendo wa daktari fulani au siri ya mgonjwa, mwanafunzi atoke nje, na mlango ufungwe. Hapo nakubaliana nao bila kusita. Lakini mikutano mingi haizungumzi siri za wagonjwa. Huzungumza mafunzo, ajira, vituo vya mafunzo kwa vitendo, vifaa, na kwa nini daktari anayepangiwa wilaya ya mbali haendi, au akienda hakai. Katika hayo mwanafunzi ana la kusema kuliko profesa, maana yeye ndiye atakayepangiwa.

Wanasema tena, uongozi utamharibia masomo. Hilo nalo lipo. Sote tumewaona vijana wa vyuoni ambao kwa mwaka mzima walikuwa "waheshimiwa," na matokeo yalipobandikwa ukutani waheshimiwa hawakuyasogelea. Dawa yake ni nyepesi: anayefeli mtihani kiti kinakuwa wazi siku hiyo hiyo, na muda wa kukikalia uwe mwaka mmoja, asizoee.

Hoja ya tatu hawaisemi kwa sauti, nayo ndiyo inayonisumbua. Wakati mwingine anayekaa mbele ya mwanafunzi katika mkutano wa chama ndiye mwalimu wake. Jumamosi wanabishana mezani juu ya vituo vya mafunzo. Jumatatu yuko mbele yake kando ya kitanda cha mgonjwa, anaulizwa dalili za ugonjwa wa ini, na alama ziko kwenye kalamu ya yule yule. Nani atathubutu kumpinga? Nilipomwuliza swali hili kijana mmoja anayesomea udaktari, alicheka kidogo, akasema, "Mzee wangu, pale utasema ndiyo hata kama hujasikia alichosema." Na katika chuo cha mkoani, chenye walimu wachache wanaojua kila mwanafunzi kwa jina na kwa sura, woga huo ni mkubwa kuliko Dar es Salaam.

Kwa hiyo kiti kisiwe kimoja. Mwanafunzi mmoja katikati ya wakubwa ishirini ni pambo. Viwe viwili, vya vyuo viwili tofauti, na kimoja kati ya hivyo kiwe siku zote cha chuo kilicho nje ya Dar es Salaam: leo Ifakara, mwakani Bugando au Moshi au Mbeya au Dodoma. Hapo mwanafunzi wa Ifakara ataweza kusema jambo la Dar es Salaam ambalo mwenzake wa Dar es Salaam analiogopa, na yule wa Dar es Salaam atasema la Ifakara. Wachaguliwe na wanafunzi wenyewe kupitia chama chao. Wasiteuliwe na mkuu wa chuo. Kura za mambo mazito ziwe za siri. Na wakirudi, wabandike ukutani taarifa ya maandishi ya yale waliyoyasema na waliyojibiwa, ili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aisome akienda bwaloni.

Pengine mtaniuliza, wewe si daktari wala mwanafunzi, linakuhusu nini? Linanihusu kwa sababu ni mgonjwa mtarajiwa, kama ninyi. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 nchi hii ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1963, na chama kilipoundwa miaka miwili baadaye, madaktari na wanafunzi wa nchi nzima wangeweza kujuana kwa majina, na hapakuwa na haja ya kugawana viti. Leo vyuo vimetapakaa, vijana wanamaliza kwa mamia kila mwaka, na wengi wanakaa mtaani na shahada zao wakingoja ajira, wakati ziko zahanati ambazo hazijawahi kumwona daktari. Watu wanaoujua upande wote huo wa jambo, ule wa chuo na ule wa mtaa, ni hawa vijana. Kuwaacha mlangoni wakiandikisha wajumbe ni kupoteza mashahidi.

Limebaki jambo dogo, ambalo kwa uzoefu wangu wa vyama ndilo huua mipango mizuri. Mikutano hufanyika Dar es Salaam, Dodoma au Arusha. Mjumbe daktari hulipiwa na mwajiri wake, au hujilipia. Mwanafunzi wa Ifakara anaishi kwa mkopo wa Serikali, kama ameupata, na akiukosa anaishi kwa gunia la mchele wa wazazi. Kumwandikia barua kwamba amechaguliwa kuwa mjumbe, halafu kumwachia nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya siku mbili na chakula, ni sawa na kutomwandikia. Ada za wanachama madaktari zinaweza kubeba vijana wawili kwa mwaka bila mtu kuhisi. Basi katibu atakayeandika barua ya kwanza ya mwaliko kwenda Ifakara aiandike mapema, kabla masika hayajaanza, na ndani ya bahasha aweke nauli.